Safu ya Jina la Kati

Meneja alitaka ifikapo Ijumaa
majina elfu sita mia mbili na kumi na moja
yawe yamekaa sawasawa:
ukoo mbele, mkato, jina nyuma,
herufi ya kwanza kubwa, zinazofuata ndogo.
Benki imesema hivyo. Benki haisomi makelele.

Na kweli yalikuwa makelele.
Tangu daftari la mwaka sabini na nane
wakulima wetu wa kahawa waliandikwa kwa herufi kubwa tupu,
kama watu wanaoitana
ng'ambo na ng'ambo ya korongo la Karanga:
NDELILIO! AIKARUWA! MBONIKO!
Nikabonyeza kitufe kimoja
chama kizima kikashusha sauti.

Nikafuta nafasi zilizozidi.
Mboniko alikuwa na nafasi tano mbele ya jina lake,
kama mtu aliyekaa mbali na wenzake kwenye benchi.
Nikamsogeza.

Ng'unda wa Uru aliharibika zamani.
Mashine haikupenda ritifaa,
ikamwekea alama ya kuuliza katikati: Ng?unda.
Miaka minne ujumbe wa malipo unamfikia
ukimuuliza kama ni yeye.

Ndeshukurwasia, uwanja wa herufi kumi na mbili
ulimwacha Ndeshukurwas.
Shukrani imekatika njiani, karibu na mlango.

Nje ya dirisha mlima ulikuwa umejifunika.
Nikawaza, huyu naye asingepita:
jina la kwanza Kibo, la kati hakuna, ukoo hakuna.
Rekodi haijakamilika. Rudia.

Mstari wa elfu nne na thelathini na nane:
MKE WA ELIRINGIA TEMU.
Programu ikampasua bila huruma wala kosa.
Temu, Mke Wa Eliringia.
Jina la kwanza, Mke.
La kati, Wa.

Nikatafuta wengine.
Mia tatu na kumi na saba.
Kumbe jina linaloongoza kuanzia Kibosho hadi Mwika
si Maria, si Anna.
Ni Mke.

Kulikuwa na namba ya simu. Nikapiga.
"Nani?"
Naomba kuongea na... nikakwama.
Akacheka. "Mke wa Eliringia ndiye mimi.
Mwenyewe alishatangulia, mwaka ule wa chulebuni.
Kahawa napeleka mimi. Mizani inanijua."

Nikamwambia nataka jina lake.
Kimya. Nikasikia kuku, na mtu akikatia ng'ombe majani.
"La ubatizo, au lile aliloniita mama?"
Lolote, mama. Lililoko kwenye kitambulisho.
"Kitambulisho aliniandikisha yeye."
Tena kimya.
"Andika Ndeanasia. Ndeanasia binti Kiwia.
Usiweke mkato."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayehesabu sarafu:
"Kulibadilisha ni shilingi ngapi?"

Bure, nikasema.
Hakuniamini. Akasema atakuja na risiti za zamani.

Kulikuwa na mmoja aliyekata simu,
na mmoja aliyetaka abaki alivyo, Mke wa Ndelilio,
kwa sababu shamba liko mahakamani
na shemeji zake wanasoma kila karatasi.
Nikamwacha. Nikamwandikia kwa herufi kubwa.

Ijumaa ilifika kabla yangu.
Meneja akasimama nyuma ya kiti changu:
"Hii si kazi ya dakika kumi?"
Ni ya dakika kumi, nikasema. Kila mmoja.

Nimemaliza arobaini na moja.
Wamebaki mia mbili sabini na sita,
na mmoja kati yao ana namba ninayoijua kwa kichwa,
niliyoipiga jana jioni kuuliza kama wamepata mvua.
Jina lake la ubatizo nalijua.
Lile la pili sijawahi kumuuliza,
mimi niliyemwita Mama miaka thelathini na mbili
nikadhani nimemaliza.

Mshale unapepesa kwenye safu ya tatu.
Simu iko mezani.